Kaseti ya Alamogordo na Maana ya Kuhifadhi

Miongoni mwa turathi za karne iliyopita, michezo ya video ndiyo iliyochelewa zaidi kuhesabiwa kuwa turathi. Vitabu vina maktaba, santuri za taarabu zina wakusanyaji wake, filamu zina hazina zake. Ama mchezo wa mwaka 1982, huo hadi juzi ulikuwa ni kitu cha kutupwa pamoja na midoli mibovu. Leo hali imegeuka. Huko Marekani, Japani na Ulaya wako watu wazima wanaokesha wakisafisha, wakilehemu na kupanga rafuni mashine walizozichezea utotoni, na wako wengine wanaozinunua kaseti zilezile kwa bei ya jumba la ghorofa. Makala haya hayakusudii kuwacheka watu hao wala kuwasifu kwa jumla. Yanakusudia kuuliza suali ambalo sisi wapenzi wa ushairi tunalifahamu vyema, maana limetuhangaisha kwa muda mrefu: mtu anaposema kuwa amehifadhi, ni kitu gani hasa alichokihifadhi?

Tuchukue mfano mmoja mashuhuri. Mnamo Disemba 1982 kampuni ya Atari iliutoa mchezo wa E.T., uliotokana na filamu ya Steven Spielberg ya mwaka huohuo. Mtungaji wake, Howard Scott Warshaw, alipewa takriban wiki tano kuumaliza, ilhali kazi ya namna hiyo kwa desturi ilikuwa ya miezi. Mchezo ulipokewa vibaya, kaseti zikarejeshwa kwa wingi, na Septemba 1983 Atari ikapeleka shehena za bidhaa zake kwenye jaa la mji wa Alamogordo, katika jimbo la New Mexico, zikazikwa huko na kumwagiwa zege. Kwa muda wa miaka thelathini jambo hilo likawa hekaya: wengine wakishikilia kuwa chini kuna mamilioni ya E.T., wengine kuwa hakuna kitu. Tarehe 26 Aprili 2014 jaa lilifukuliwa mbele ya kamera za Zak Penn, aliyekuwa akiitengeneza filamu ya Atari: Game Over, pamoja na wanaakiolojia walioongozwa na Andrew Reinhard. Zilitolewa kaseti zipatazo 1,300, kati ya 728,000 zinazokadiriwa kuzikwa, na E.T. ilikuwa ni sehemu yake tu. Mji uliziuza mamia kwa mnada ukapata zaidi ya dola 100,000, na nakala moja ya E.T. ikaingia katika makumbusho ya Smithsonian kabla ya mwaka huo kumalizika.

Filamu ya Penn inasisimua, na pale inapomwonesha Warshaw akilengwalengwa na machozi pembezoni mwa shimo, mtazamaji naye huguswa. Hata hivyo ina pengo ambalo mhakiki hawezi kulinyamazia. Kilichofukuliwa siku ile hakikuwa kimepotea. Mchezo wa E.T. ulikuwa mikononi mwa maelfu ya watu, na maandishi yake ya mashine yalikwishanakiliwa zamani. Kaseti za Alamogordo zilitoka zimepondeka na zinanuka taka. Aliyezinunua alinunua kisa cha kuzikwa kwake. Kisa nacho kina thamani yake, wala siikanushi. Lakini kisa cha kazi na kazi yenyewe ni vitu viwili, na mkusanyaji asiyevitenganisha atalinda ganda na kuipoteza kokwa.

Na tuutazame mchezo wenyewe, kwa kuwa wengi wanaouita mbaya kuliko yote hawajaucheza. Mashine ya Atari 2600, iliyotoka mwaka 1977, ilikuwa na kumbukumbu ya kufanyia kazi ya baiti 128 tu. Ubeti wa tarbia wenye mizani 16 kwa kila mshororo una jumla ya mizani 64; tukihesabu baiti moja kwa kila mizani, basi mashine nzima ilikuwa na nafasi ya beti mbili. Kaseti ya E.T. nayo ilibeba kilobaiti 8. Ndani ya ufinyu huo Warshaw aliumba dunia ya pande sita kama dado, mgeni mmoja aliyepotea, vipande vitatu vya simu vilivyofichwa visimani, na watu wawili wanaomwandama. Kila hatua humpunguzia mgeni huyo nguvu zake. Atungaye kwa arudhi anajua kuwa ufinyu ni mwalimu, na katika E.T. mwalimu huyo anaonekana. Anajua pia kuwa shairi lililotungwa kwa haraka huacha mishororo inayochechemea. Humu mshororo unaochechemea ni visima: mgeni hutumbukia hata pale kichwa chake tu kinapokigusa kisima kwenye kioo, ilhali macho yanamwonesha mchezaji kuwa miguu iko mbali.

Kuna jambo jingine linalosahauliwa. Juu ya kioo hutokea alama zinazobadilika kila mgeni anaposogea, na maana zake zimeelezwa katika kijitabu kilichowekwa ndani ya boksi. Aliyeipata kaseti tupu, bila ya kijitabu, aliona alama zisizosema kitu, akahukumu kuwa mchezo hauna akili. Kwa sababu hii sikubaliani na wanaowabeza wakusanyaji wa maboksi, ramani na vijitabu. Karatasi hizo ni sharhi. Utenzi wa kale ukikosa sharhi ya maneno yake humfungia msomaji wa leo mlango, na mchezo wa kale nao ni vivyo hivyo.

Sasa tuje kwa mafundi. Ubingwa wao unastahiki heshima, kwa kuwa adui wanayepigana naye yumo ndani ya kitu chenyewe. Kikulacho ki nguoni mwako. Kaseti ya The Legend of Zelda iliyouzwa Marekani mwaka 1987 ilikuwa na betri ndogo ya kutunzia safari ya mchezaji. Betri ikifa, safari nayo hufutika. Katika kaseti za Pokémon za mwaka 1999 betri hiyo huendesha pia saa, na kwa hivyo huisha mapema zaidi. Mashine za Game Gear za mwaka 1990 zina kapasita zinazovuja maji yanayokula njia za shaba. Plastiki ya Super Nintendo hugeuka manjano kama jino la mvuta tumbako, na sababu inayotajwa aghalabu ni kemikali za bromini zilizochanganywa humo ili plastiki isishike moto upesi. Fundi hufungua, hupiga pamba na spiriti, hung'oa kapasita mbovu na kulehemu mpya. Tangu mwaka 2008 wengi hutumia haidrojeni peroksaidi, dawa ileile ya wasusi, pamoja na mwanga wa jua, kuirejeshea plastiki weupe wake. Lakini umanjano mara nyingi hurudi, na wapo wanaoshauri kuuacha, kwa hoja kwamba umri wa kitu ni sehemu ya kitu.

Katika mjadala huo mimi nasimama na wanaotofautisha. Betri iliyokufa ibadilishwe, maana bila yake kazi haifanyi kazi. Rangi iliyofifia inaweza kungoja. Vivyo hivyo televisheni za chogo zinastahiki kutunzwa, kwa kuwa bunduki ya mchezo wa Duck Hunt wa mwaka 1984 haioni shabaha katika televisheni bapa. Kipimo ni kimoja: je, baada ya mkono wa fundi, mwingine ataweza kucheza?

Kwa kipimo hichohicho napata taabu na wanaonunua vilivyofungwa. Julai 2021 nakala ya Super Mario 64, mchezo wa mwaka 1996, iliuzwa katika mnada wa Heritage huko Marekani kwa dola milioni 1.56. Mchezo huo uliuzwa kwa zaidi ya nakala milioni 11. Si adimu hata kidogo. Kilichokuwa adimu ni utando wa plastiki ambao haujachanwa, na alama ya 9.8 iliyotolewa na kampuni ya kukadiria ubora, iliyoifungia nakala ile ndani ya kasha jingine la plastiki ngumu. Ikifunguliwa, thamani inaanguka. Kwa hivyo mwenye nakala ile ndiye mtu pekee asiyeweza kuicheza. Bao lisilochezwa likatundikwa ukutani huwa pambo, wala hapana dhambi katika pambo. Ila tusiliite pambo hilo hifadhi.

Sisi tumepata somo hili kwa njia yetu. Muyaka bin Haji alifariki Mombasa mwaka 1840, na sehemu kubwa ya tungo zake ilikuwa vinywani mwa watu. Hazikutufikia kwa sababu mtu alikuwa na karatasi yenye mkono wa Muyaka akaifungia sandukuni. Zimetufikia kwa kuwa Mwalimu Sikujua bin Abdallah alizikusanya, akazinakili na kuzifafanua akishirikiana na W. E. Taylor, kisha William Hichens akazitoa katika diwani mwaka 1940, kisha Mohamed H. Abdulaziz akazirudia kwa uchambuzi wake mwaka 1979. Miswada ipo London, na ni vyema kwamba ipo. Lakini aliyemhifadhi Muyaka ni mnyororo wa watu waliofungua, wakasoma na kunakili.

Mnyororo kama huo umeanza kuundwa katika michezo ya video, na una matatizo yaleyale ya wanakili. Mwaka 2013 mpenzi mmoja wa E.T. aliyafungua maandishi ya mashine ya mchezo huo, akatafuta baiti zinazosababisha kutumbukia visimani, akazibadilisha. Akamrekebisha na rangi mgeni yule, ambaye katika asili ni wa kijani. Mchezo uliosahihishwa unachezeka kwa raha zaidi. Je, ndio E.T.? Tumewahi kuona wahariri wakimsahihishia malenga mizani bila ya kusema, na miaka ikipita hapana ajuaye ni upi ulimi wa mtunzi na upi wa mhariri. Mrekebishaji wa E.T. hakufanya hivyo: alieleza hadharani kila alichokigusa na kwa nini, na asili imebaki kando kwa atakaye kulinganisha. Huo ni uhariri wa kiungwana, na baadhi ya wahariri wetu wa tenzi wangejifunza kwake. Mimi binafsi huchagua asili. Mgeni aliyetupwa katika dunia asiyoijua, ambaye ardhi humfumbukia mahali alipodhani ni salama, ana ukweli ambao toleo laini limeupunguza, hata kama ukweli huo ulizaliwa na haraka.

Njia ya pili ya kuurithisha mchezo ni programu zinazoiga mashine ya zamani. Programu ya namna hiyo huchukua kila amri ya mashine iliyokufa na kuitamka kwa lugha ya mashine iliyo hai. Hiyo ni tafsiri, na ina hasara za tafsiri: wachoraji wa zamani walizichora picha zao wakitegemea ukungu wa kioo cha chogo, na kwenye kioo cha leo mistari hukatika mikali kama mchongo usiopigwa msasa. Kwa miaka mingi ya kufasiri nimezoea lawama hiyo, na jawabu langu ni lilelile: anayejua lugha ya asili na aende kwenye asili, lakini asimnyime asiyeijua.

Ajabu ni kwamba wanaonyima wana nguvu ya sheria. Uchunguzi uliotolewa mwaka 2023 na Video Game History Foundation pamoja na Software Preservation Network ulionesha kuwa asilimia 87 ya michezo ya zamani iliyotolewa Marekani kabla ya mwaka 2010 haipatikani tena kwa kununuliwa madukani. Oktoba 2024 ofisi ya hakimiliki ya nchi hiyo ilikataa ombi la kuruhusu maktaba kuwafungulia watafiti michezo hiyo wakiwa mbali. Atakaye kusoma afunge safari hadi kwenye jengo lenyewe. Mtafiti wa Pemba au Lamu na ahesabu nauli.

Wala suala hili haliko mbali nasi kama linavyodhaniwa. Wimbo wa Baba Yetu, uliotungwa na Christopher Tin kwa ajili ya mchezo wa Civilization IV wa mwaka 2005, maneno yake ni ya Kiswahili. Na mwaka 2011 ukawa muziki wa kwanza wa mchezo wa video kupata tuzo ya Grammy. Mamilioni ya watu waliisikia lugha yetu kwa mara ya kwanza kupitia mchezo huo. Wimbo utadumu, maana kwaya zinauimba kila pembe ya dunia. Lakini namna ulivyosikika mle ndani, mchezaji akiwa bado hajaanza kuijenga dola yake, itadumu tu iwapo yuko atakayeufungua mchezo wenyewe. Ndani ya boksi lenye utando usiochanwa, Kiswahili kile ni kimya.

Kwa hivyo, tukiulizwa ni nani mhifadhi kati ya tajiri wa mnada na fundi mwenye chuma cha kulehemu, tusitazame bei wala wingi wa rafu. Tuulize ni nani ameruhusiwa kugusa. Fundi aliyebadilisha betri ya Zelda kisha akamkabidhi mtoto wa jirani acheze ameifanyia turathi kazi ambayo dola milioni 1.56 hazikuifanya.