Kocha Hachagui Makipa Wanne

Kila mwaka darasa jipya la uigizaji katika chuo cha Juilliard, New York, huwa na wanafunzi 18 hadi 20 hivi, wa shahada ya kwanza na wa uzamili wakiwa pamoja. Wanaoomba ni mamia kwa mamia. Ukiitazama hesabu hiyo kwa haraka utadhani ni shindano la vipaji: walio bora wanaingia, wengine wanarudi kwao. Kwa maoni yangu, kuielewa hivyo ni kukosea, tena kunawaumiza vijana bure.

Turudi 1968, pale John Houseman na Mfaransa Michel Saint-Denis walipoanzisha idara ya maigizo chuoni hapo. Saint-Denis alikwishaanzisha shule za uigizaji London na Strasbourg, na aliamini kwamba mwigizaji hufundwa akiwa ndani ya kundi. Darasa la kwanza likaitwa Kundi la 1, na mpaka leo kila darasa lina namba yake. Lilipohitimu 1972, likiwa na Kevin Kline na Patti LuPone, Houseman hakukubali litawanyike. Akishirikiana na Margot Harley, aliwageuza wahitimu hao kuwa kampuni ya maigizo ya kuzunguka mikoani, The Acting Company.

Hapo ndipo usaili wa Juilliard unapoeleweka. Jopo huwa linaunda kikosi kitakachoishi pamoja miaka minne na kuigiza tamthilia za kila aina. Atahitajika wa kuwa mfalme mzee, wa kuwa mtumishi mjanja, mwenye sauti nzito, mwenye wepesi wa mwili. Kocha wa mpira hasajili makipa wanne hata kama wote wanadaka vizuri. Msichana hodari anaweza kukosa nafasi kwa sababu tu mwaka huo wamekwishapatikana wawili wanaofanana naye kwa sauti na umbo.

Hatua zenyewe si siri. Siku hizi mchujo wa kwanza hufanywa kwa video. Kisha mwombaji huigiza vipande viwili vinavyotofautiana, kimoja cha tamthilia ya kale, mara nyingi ushairi wa Shakespeare, kingine cha kisasa. Kila kimoja huwa kifupi. Wanaovuka huitwa tena.

Lakini chumba cha usaili chenyewe kina jambo ambalo nadhani halizungumzwi vya kutosha. Kijana amemaliza kipande alichokifanyia mazoezi miezi sita: mama anamlilia mwanawe. Amekitoa kwa machozi, kila pumzi mahali pake. Msaili anamwambia, "Hebu rudia. Safari hii mtoto amelala hapo kitandani, na hutaki aamke." Aliyekariri machozi hushusha sauti tu, akalia vilevile. Aliyesikia alichoambiwa hubadilika mwili mzima: mabega yanashuka, macho hayabanduki pale penye kitanda, maneno yanatoka moja moja kama anayanyatia. Pengine anakosea mstari. Haidhuru. Jopo limeona mtu anayefundishika, na hicho ndicho kitu ambacho video haiwezi kuonyesha. Walimu wengi wa uigizaji huwaonya wanafunzi wasikigandishe kipande chao, na wako sahihi kabisa.

Ndiyo maana wanaoitwa tena hufanyishwa kazi kwa pamoja: mazoezi ya sauti, ya mwili, ya kubuni papo hapo. Anayemsikiliza mwenzake huonekana. Anayesubiri zamu yake ang'are naye huonekana.

Kasoro kubwa naiona mbali na chumba hicho, mlangoni. Jopo, liwe na macho makali namna gani, linaunda kundi kutokana na wale tu walioweza kufika: walioweza kulipa ada ya maombi, tiketi ya ndege, hoteli, na mwalimu wa kuwaandaa. Video imepunguza safari, haikuondoa mwalimu. Halafu kuna karo. Hapa chuo cha Yale kilipiga hatua ambayo wengine wangepaswa kuiga: mwaka 2021 kilipokea dola milioni 150 kutoka kwa wakfu wa David Geffen, kikaondoa kabisa karo katika shule yake ya maigizo, ambayo sasa ina jina la Geffen. Ni shule ileile aliyosoma Mkenya Lupita Nyong'o. Yeye alihitimu 2012, miaka tisa kabla ya karo kufutwa.