Mangi Meli na Hadithi za Kihistoria kwa Vijana

Mwandishi anayewaandikia vijana historia ya ukombozi hana ruhusa ya kuwadanganya. Tunasema hivi baada ya kusoma miswada kadhaa ya hadithi kuhusu mapambano ya Wachagga dhidi ya Wajerumani. Nia ya waandishi ni njema, lakini kasoro zao ni mbili.

Kwanza, uvivu wa utafiti. Katika mswada mmoja mama anachuma kahawa ya kuuza mwaka 1892, na Mangi Meli anapita katika mitaa ya mji wa Moshi. Makao ya Meli yalikuwa Old Moshi, mlimani. Mji wa leo ulikua huku chini baada ya reli ya Tanga kufika mwaka 1911. Kihamba cha siku zile kilikuwa cha migomba. Kahawa ya wakulima wadogo, iliyozaa ushirika wa KNCU mwaka 1933, ilienea baadaye.

Pili, na hili ndilo kubwa, kuficha migongano. Miswada hii inawaonyesha Wachagga kama jeshi moja nyuma ya Meli. Lakini mwaka 1885 Mangi Rindi, baba yake, aliwekeana mkataba na Wajerumani, na mwaka 1891 wapiganaji wake waliwasaidia kumpiga Sina wa Kibosho. Mwaka 1892 Meli aliwashinda Wajerumani. Mwaka 1893 wakamshinda, Marealle wa Marangu akiwa upande wao. Tarehe 2 Machi 1900 walinyongwa watu 19, miongoni mwao Meli na Molelia wa Kibosho. Waliogawanywa jana walikufa siku moja. Kijana aliyefichwa hayo atajua kumsifu shujaa, ila hatajua jinsi ubeberu unavyogawa watu ili uwatawale.

Je, mwandishi asibuni? Abuni. Amzue mtoto anayezibua mfongo wa maji na kuyaona yote. Ila kwanza awasikilize wazee wa Old Moshi, kisha apime maneno yao na kumbukumbu za Wajerumani, akijua kwamba mkoloni naye aliandika kwa faida yake.

Mwaka 2023 vipimo vya vinasaba vilihusisha mafuvu matatu na ndugu walio hai Tanzania. Kichwa cha Meli hakikutambuliwa. Mwandishi anayekirudisha nyumbani katika sura ya mwisho ili msomaji afurahi, anawaambia vijana kwamba kazi imekwisha. Kazi haijakwisha.