Moto wa Kilio na Moto wa Soko: Sikukuu za Mwangaza kule Japani

Wengi wetu tukiona picha za fataki za Japani tunasema tu: ni mchezo wa matajiri. Hapana. Wajapani wanaziita «hanabi», maana yake maua ya moto, na nyuma ya maua hayo mara nyingi kuko wafu. Swali letu ni hili: sikukuu ya kukumbuka wafu ikigeuka ya watalii, inabakia na nini?

Tuangalie kwanza muji wa Nagaoka. Usiku wa tarehe 1 mwezi wa nane 1945, saa ine na nusu, ndege za Marekani zilianza kuutupia mabombe ya moto. Watu 1.488 walikufa. Mwaka uliofuata wenyeji walianzisha sikukuu ya kujenga upya muji wao. Mpaka leo, kila tarehe 1, kwa saa ile ile ya mabombe, wanarusha fataki nyeupe kwa ajili ya wafu. Tarehe 2 na 3 ndipo zinafuata zile kubwa za rangi, kando ya mto Shinano, na viti vinauzwa. Hapo tunaona akili yao: kilio kina siku yake, furaha ina yake, na ile ya kilio haiuzwi.

Kule Kobe mambo yalienda vingine. Tetemeko la inchi la tarehe 17 mwezi wa kwanza 1995 liliua watu zaidi ya 6.400. Mwezi wa kumi na mbili wa mwaka ule ule waliwasha «Luminarie»: matao marefu yenye taa za rangi, kazi ya Mwitalia Valerio Festi na Mjapani Hirokazu Imaoka. Kwa mutu aliyepoteza nyumba na jamaa, ile haikuwa mapambo tu. Lakini Desemba ni mwezi wa biashara. Tangu Sapporo ilipoanza na ampuli 1.048 mwaka wa 1981, miji mingi ya Japani inawasha taa wakati wa baridi ili kuvuta wageni. Luminarie nayo ikaonekana kama moja kati ya hizo.

Wengine watajibu: muji uliobomoka unahitaji feza. Ni kweli, hatukatai. Mwaka wa 2024 Luminarie ilihamishwa mpaka mwezi wa kwanza, mwezi wa tetemeko, na tunasifu; lakini mwaka huo huo sehemu moja ikawa ya kuingia kwa kulipa.

Sasa wenyeji wanalilia wapi? Kila tarehe 17 mwezi wa kwanza, mbele ya jua kutoka, wanakusanyika katika bustani la Higashi Yuenchi na kuwasha mishumaa ndani ya mianzi. Saa 11 na dakika 46 alfajiri, dakika ile ya tetemeko, wote wananyamaza. Hakuna tiketi.

Kwa maoni yetu, mishumaa hiyo midogo ndiyo hukumu juu ya yale matao makubwa. Na sisi tunaopanga sikukuu za desturi, siku mfadhili atakapokuja na feza zake, sherti tujue mapema ni usiku gani hatutauza.