Alama Moja Inayoamua Kinachobaki Kwenye Linux

Ukiandika `sudo apt autoremove` kwenye Ubuntu au Debian ukaletewa orodha ndefu ya majina usiyoyajua, utajiuliza: mfumo umejuaje kwamba sivihitaji vitu hivi? Haujui. APT, programu inayosakinisha na kuondoa vifurushi kwenye mifumo hiyo, haifuatilii programu unayoifungua kila siku wala ile ambayo hujaigusa tangu mwaka jana. Inachotazama ni alama moja tu kwa kila kifurushi: kiliombwa na mtu, au kililetwa na kifurushi kingine? Malalamiko mengi kuhusu kompyuta iliyojaa takataka yanaanzia kwenye alama hizo zilizowekwa ovyo, kabla hata hatujafika kwenye vifurushi vyenyewe.

Alama zinakaa kwenye faili la maandishi ya kawaida, `/var/lib/apt/extended_states`. Lifungue kwa `less` utaona jina la kifurushi, aina ya prosesa, kisha mstari unaosema `Auto-Installed: 1`. Kifurushi ambacho hakina alama hiyo huhesabiwa kuwa cha kuombwa. Yaani pasipo na taarifa, APT inachukulia kwamba mwenye kompyuta alikitaka. Nadhani walioiunda waliamua vizuri: kubakiza kisichotakiwa kunakula nafasi ya diski na bando la masasisho, lakini kufuta kinachotakiwa kunaweza kukuachia skrini nyeusi.

Chukua VLC. Ukiandika `sudo apt install vlc`, APT itavuta pia vlc-bin, vlc-plugin-base, libvlc5, libvlccore9 na vingine kadhaa. Vyote hivyo vilivyovutwa vinapata alama 1. Kifurushi cha `vlc` chenyewe hakipati, kwa sababu ulikitaja kwa jina. Siku ukikiondoa kwa `apt remove vlc`, wenzake wanabaki, na APT inakukumbusha kwamba hawahitajiki tena. Hao ndio yatima.

Kuwapata yatima si suala la kuuliza tu kama kuna kifurushi kinachokitegemea hiki. APT huanza na vifurushi vyote vilivyoombwa, pamoja na vile vya lazima kwa mfumo, ikafuata minyororo ya utegemezi hadi mwisho. Kisichofikiwa na mnyororo wowote ni yatima, hata kama kuna mwenzake anayekitegemea. Ndiyo maana vifurushi viwili vinavyotegemeana vyenyewe kwa vyenyewe haviwezi kujificha.

Hapa pana mtego. Wakati wa kusakinisha, APT huleta vya lazima (Depends) na, tangu Debian 5.0 ya mwaka 2009, huleta pia vinavyopendekezwa (Recommends). Vya ziada (Suggests) haivileti. Lakini wakati wa kusafisha, inafuata hata minyororo ya Suggests. Kifurushi kinaweza kubaki miaka mingi kwa sababu tu programu fulani ilikitaja kama kitu ambacho huenda kingekufaa. Anayetaka ukali zaidi huweka `APT::AutoRemove::SuggestsImportant "false";` kwenye usanidi wake, kisha anasoma orodha mpya kwa makini kabla ya kukubali.

Na vile vilivyokuja na kompyuta siku ya kwanza? Kwa APT, kundi hilo halipo. Hakuna hali ya tatu. Kisakinishi cha mfumo hunakili mamia ya vifurushi kwenye diski, na sehemu kubwa yake huishia kuonekana kana kwamba wewe mwenyewe uliviomba. Endesha `apt-mark showmanual` kwenye Ubuntu mpya kabisa, utakutana na majina ambayo hujawahi kuyaandika maishani.

Kisakinishi cha zamani cha Ubuntu, Ubiquity, kiliacha kumbukumbu ya hali ya mwanzo kwenye `/var/log/installer/initial-status.gz`. Wenye faili hilo hufanya hesabu ya kutoa: orodha ya `showmanual`, toa majina yaliyomo humo, kwa amri ya `comm -23` baada ya kuzipanga zote mbili kwa `sort`. Kinachobaki ndicho ulichoongeza mwenyewe. Wasio nalo wapekue mistari ya `Commandline` kwenye `/var/log/apt/history.log`, ingawa kumbukumbu hizo huzungushwa kila mwezi na za zamani hufutwa.

Dawa iliyo karibu zaidi na chanzo cha tatizo ni `apt-mark minimize-manual`. Inatazama vifurushi-mwamvuli, vile ambavyo havina programu ndani bali orodha ya utegemezi tu, kisha inavipa vilivyo chini yake alama 1. Haifuti kitu. Inasahihisha daftari, na baada ya hapo `showmanual` inakuwa fupi na yenye maana. Sielewi kwa nini visakinishi vyote haviimalizi kazi hiyo vyenyewe.

Arch wamelishika jambo hili kwa usafi zaidi. Pacman, meneja wao wa vifurushi, huandika sababu ya kusakinishwa ndani ya folda ya kila kifurushi chini ya `/var/lib/pacman/local`, na tangu Oktoba 2019 `base` yenyewe ni kifurushi-mwamvuli. `pacman -Qe` inaonyesha vilivyoombwa, `pacman -Qdt` yatima. Kosa la alama unalirekebisha kwa `pacman -D --asdeps` au `--asexplicit`. Fedora wana `dnf repoquery --userinstalled` na `dnf autoremove`, kwa mantiki ileile. Snap na Flatpak, ambazo husakinisha programu kwa njia zake zenyewe, hazimo kwenye hesabu hii hata kidogo. Firefox ya Ubuntu tangu 22.04 ni snap, kwa hiyo programu yenyewe haisimamiwi na APT.

Autoremove ina kazi moja isiyopaswa kuahirishwa: kerneli za zamani. Kila sasisho la kerneli huleta kifurushi kipya chenye alama 1, na vya nyuma vikirundikana kwenye sehemu ndogo ya `/boot` inajaa na masasisho yanakwama. APT hulinda kerneli inayotumika sasa na ile mpya zaidi, kwa hiyo hapo safisha bila hofu.

Kwa mengine, anza na `apt autoremove -s`, ambayo inaigiza tu bila kugusa kitu. Ukiona kwenye orodha jina la kitu unachokitumia, usiifute amri ukaondoka. Andika `sudo apt-mark manual` ukifuatiwa na jina hilo, halafu endesha tena.