Siti binti Saad na Mzani wa Urembo

Siti binti Saad, mzaliwa wa Fumba, Unguja, alikejeliwa na waimbaji wapinzani kwa sura yake na asili yake ya kimaskini, naye akajibu kwa wimbo. Aghalabu watahiniwa husema jibu hilo linafunza kwamba urembo hauna maana, wakaishia hapo. Huo ni usomaji mwepesi. Siti hakudai kuwa naye ni mrembo. Aliukataa mzani wenyewe, akataka apimwe kwa akili.

Sasa mtazame msichana wa kidato cha pili anayeilainisha ngozi yake kwa kichujio kabla ya kuiweka picha Instagram. Amekejeliwa na nani? Siti alimjua mpinzani, na hadhira ilisikia pande zote mbili. Huyu ameukubali mzani kimyakimya, kisha anajipunja mwenyewe. (Wavulana nao hawajanusurika: wao huhesabu misuli.)

Hata hivyo, tusimfanye Siti kuwa dawa rahisi. Alikuwa na sauti iliyomfikisha Bombay kurekodiwa mwaka wa 1928. Mwanafunzi asiye na kipawa kama hicho, akiukataa mzani, atasimama juu ya nini?