Kaenguliwa na Nani?

Msimu wa uchaguzi magazeti yetu ya Tanzania hujaa kauli ya kutendwa: mgombea kaenguliwa, jina limekatwa, katemwa, kapigwa chini. Msomaji wa Ndanda au Newala anaambulia jambo moja tu, kwamba fulani hayumo tena. Nani kamtoa, na akate rufaa wapi, hajui.

Kukatwa ni mambo ya chama. Mwaka 2020 wapo walioongoza kura za maoni za CCM, vikao vya juu vikarudisha jina la mtu mwingine. Hapo Tume ya Uchaguzi haina la kusema. Kuengua ni kwa msimamizi wa uchaguzi: fomu ina kasoro, au pingamizi limekubaliwa. Aliyeenguliwa hukimbilia Tume, na mwaka huohuo baadhi walirudishwa kwa njia hiyo. Kutemwa na kupigwa chini ni lugha ya kijiweni, tamu lakini haitaji ofisi yoyote. Kutengua, mimi ningewaachia wakuu wa wilaya, ambao hutenguliwa uteuzi wao.

Ndanda yenyewe ilitoa kesi ngumu zaidi. Cecil Mwambe alishinda jimbo hilo mwaka 2015 kwa tiketi ya Chadema, na Februari 2020 akatangaza kuhamia CCM. Chadema hawakumfukuza, aliondoka mwenyewe. Kwa ibara ya 71 ya Katiba, mbunge akiacha kuwa mwanachama wa chama kilichompeleka bungeni, ubunge wake umekoma. Lakini Mei mwaka huo Spika Job Ndugai alimwita arudi bungeni, akisema bado anamtambua kuwa mbunge.

Tazama vitenzi: mbunge *anaacha* chama, ubunge *unakoma*. Hakuna anayemvua ubunge. Sheria inasomeka kana kwamba kiti kinajifuta chenyewe, kumbe lazima awepo wa kukifuta, na mwenye orodha ya wabunge ni Spika. Asipofuta, ibara inabaki karatasini. Kwa maoni yangu tangazo la hadharani la kuhama lilitosha, na Spika alikosea. Oktoba Mwambe alishinda tena jimbo hilo, safari hii kwa tiketi ya CCM.

Kwa hiyo, ndugu mwandishi wa habari, anza na mtendaji: "Msimamizi wa uchaguzi amemwengua fulani." Kisha andika sababu aliyoitoa na siku ya mwisho ya kukata rufaa.