Jiwe la Yamato halikuwa la Ivuna

Kuliandika jiwe la Yamato 82162 kwenye kundi la vimondo vya kaboni la CI lilikuwa kosa la wazi, na wajiolojia wetu waliochoronga miamba ya Nachingwea na Ruangwa wasingelipitisha.

Uokotaji haukuwa na kasoro. Wajapani wanaokota vimondo kwenye barafu ya milima ya Yamato, Antaktika, tangu 1969, wanavitunza safi na kuvigawa kwa maabara nyingi.

Shida ilianzia kwenye uainishaji. Waliona jiwe jeusi, halina kondruli (chembe za mviringo), limejaa madini ya mfinyanzi, na kemia yake inakaribia ile ya Ivuna. Wakaandika CI. Sasa hiyo I ni Ivuna yenyewe, gramu 705 zilizoanguka karibu na Ziwa Rukwa tarehe 16 Desemba 1938. Mfinyanzi wa Ivuna bado una maji ndani. Wa Yamato ulikuwa umekauka, tabaka zake zimeporomoka, na sehemu yake imeanza kugeuka olivini. Hiyo ni kazi ya joto la zaidi ya nyuzi 500. Clayton na Mayeda walipopima oksijeni, oksijeni 18 ilizidi kipimo cha rejea kwa karibu 22 kwa elfu, wakati Ivuna ni kama 16. Halafu kuna salfaidi ya chuma: mawe ya aina hii yana kati ya asilimia 10 na 30 ya ujazo wote. Mwamba wenye salfaidi kiasi hicho ukitoka kwenye uchorongaji wa nikeli pale Ntaka, Nachingwea, nani atauandika kwa jina la mwamba wa pembeni usio nayo?

Najua utetezi wao: joto lilikuja baadaye, asili ni ileile. Haunitoshi. Kinywe cha Ruangwa nacho asili yake ni kaboni iliyozikwa kwenye tope la kale, ikapikwa ardhini hadi ikawa magamba. Hakuna anayekiandika tope. Van Schmus na Wood walishaweka utaratibu mwaka 1967: herufi kwa kemia, namba kwa yaliyolipata jiwe. Namba 1 inasema maji yalipita. Moto haumo. Kwa hiyo Yamato 86029, ndugu wa jiwe hili, nalo lilipoandikwa CI1, herufi ilikosewa na namba ikaficha nusu ya historia.

Wazee hawakufanya hivi. Wiik mwaka 1956 alikuwa na kemia ya maabara tu, na mgawanyo wake wa vimondo vya kaboni katika makundi matatu ndio uliojengewa huu wa leo. Berwerth wa Vienna alilichambua jiwe la Peramiho, lililoanguka 1899, akaliita kimondo cha aina ya yukriti. Ni yukriti mpaka leo.

Ikeda alisema mapema, 1992, kwamba mawe haya yanastahili kundi lake. Hakusikilizwa. Ilibidi tungoje hadi 2019, King na wenzake walipolirudisha mezani kundi hilo, CY (Y ni Yamato). Mwaka uliofuata chombo cha Kijapani Hayabusa2 kikaleta gramu 5 na ushei kutoka asteroidi Ryugu, na zilipopimwa zikafanana na Ivuna, maji yakiwa bado ndani ya mfinyanzi. Ulinganisho huo ulihitaji CI isiyochanganywa na mawe yaliyoungua.